Betri Mahali pa Joto

Mwanangu Aapo aliponunua lile gari la mbio nilimwambia neno moja tu: "Haya." Baada ya hapo sikulala vizuri tangu mwezi wa tano hadi wa kumi. Simu ikilia jioni naye yuko njiani, niliitazama kwanza kama mtu aliyeona nyoka jikoni, ndipo nikaipokea. Ni gari la viti viwili, jekundu, lenye umri wa miaka ishirini, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Barabara yetu ya kwenda mjini ina kona nyingi, na kulungu wa huku ni wakubwa kuliko farasi. Wanatoka msituni bila kuangalia kushoto wala kulia.

Kwa hiyo barafu ya kwanza ilipoganda kwenye ndoo ya nje, mimi nilifurahi. Miaka yote huwa nayalaani majira ya baridi, ila mwaka huu niliyapokea kama mgeni niliyemwalika. Gari linaoshwa, linaingia ghalani, betri inatolewa, na hadi mwezi wa nne mwanangu anapanda basi. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

"Leo linaingia ghalani," nilimwambia Ijumaa, hata viatu hajavua.

"Mama, wiki ijayo wanasema kutakuwa na joto la digrii saba."

"Wiki ijayo watamwaga chumvi barabarani. Unataka bati lako liliwe na kutu?"

"Si bati, ni..."

"Ni bati lenye rangi. Jaza tangi, osha, kausha. Nakungoja ghalani."

Baba mkwe wangu, mzee Taisto, alikuwa anakunywa kahawa dirishani. Ana miaka themanini na tatu, na tangu mkewe afariki anakaa nasi. "Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Kamanda ametoa amri. Ukichelewa utaoshwa wewe."

Aapo alicheka, akaenda.

Mume wangu Ilpo anafanya kazi mgodini kaskazini, wiki mbili kule, wiki moja nyumbani, na hiyo haikuwa wiki yake ya nyumbani. Mambo ya magari nayajua kuliko yeye hata hivyo. Nina diploma ya mitambo na nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye karakana ya mabasi. Nilisimama ghalani na kumwongoza kijana hatua kwa hatua. Alikuwa amejaza petroli ya okteni tisini na nane, vizuri, maana ile nyingine hunyonya maji ikikaa. Nikamwambia aongeze upepo kwenye matairi na kuweka vipande vya povu gumu chini yake. Asivute breki ya mkono, itagandana na ngoma ya gurudumu. Bomba la moshi alizibe kwa sufi ya chuma, panya wasijenge. Kila nilichosema alikifanya, na kila alipofanya nilikuta kasoro.

"Hasi kwanza, chanya baadaye," nilimwambia alipofika kwenye betri.

"Najua, Mama."

"Unajua nini na ndiyo mara yako ya kwanza? Shika spana vizuri, utagusisha chuma."

Akafungua waya, hasi kwanza. Mikono ilikuwa imemwiva kwa baridi. "Nikiitoa niiweke wapi?"

"Mahali pa joto na pakavu."

"Wapi sasa?"

"Aapo, una miaka ishirini na mbili! Mahali pa joto na pakavu. Halafu uichaji. Chaja iko ukutani."

Mkate wangu wa shayiri nyeusi ulikuwa kwenye oveni, nikaondoka. Hayo ndiyo maneno yangu, hakuna zaidi. Nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na hayajabadilika.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mjini kununua samaki na mishumaa ya makaburini. Nilirudi saa nane kasoro mchana. Anga lilikuwa la kijivu, hakuna upepo, ziwa limetulia kama limemwagiwa mafuta. Nilipita ghalani kwanza, kuona kama kijana amelifunika gari sawasawa. Alikuwa amelifunika vizuri, nilikosa la kusema. Redio ya ghalani, ambayo hatuizimi kwa sababu ya panya, ilikuwa inasoma habari za hali ya hewa.

Ndipo nikaona chaja ukutani.

Ile ndogo, mpya, inayojizima yenyewe betri ikijaa. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake, waya umekunjwa, haijaguswa. Nikatazama chini ya meza ya kazi, mahali panapokaa chaja ya trekta. Palikuwa na mraba mtupu sakafuni, vumbi limeuzunguka pande zote.

Niseme wazi ile chaja ni kitu gani. Ni sanduku la chuma la tangu enzi za mzee Taisto. Halijui kujizima, na kitufe chake kimeganda kwenye nguvu kubwa, ya kuamsha trekta lililokufa. Ukiiacha kwenye betri ndogo ya gari, betri inachemka. Ikichemka inatoa gesi mbili. Moja haina harufu na inangoja cheche tu. Nyingine inanuka kama yai bovu, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu ikizidi pua inachoka. Unaacha kuisikia harufu, unadhani imeondoka. Haijaondoka. Karakanani kwetu zamani mtu alichaji betri kwenye kichumba kisicho na dirisha, na mwenzetu Voitto, aliyeingia kuwasha taa, alipoteza jicho cheche ilipolipua gesi. Mimi ndiye niliyemshika kichwa hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Nikampigia Aapo huku nakimbilia nyumbani. Simu yake ikalia jikoni.

Nikaingia ndani na viatu vyangu vya matope. Mzee Taisto alikuwa mezani na gazeti.

"Aapo yuko wapi?"

"Kwani leo siku gani? Jumamosi. Amekwenda kuwasha sauna."

"Betri aliiweka wapi, Baba?"

"Hukohuko sauna. Alinihesabia asubuhi: jikoni utamfokea, chumbani hutaki harufu, ghalani baridi. Sauna kuna hita, joto na pakavu. Nikamwambia una akili."

"Ameichaji?"

"Tangu saa nne. Na chaja yangu ile, nzuri, ya..."

Nikashika mgongo wa kiti. Sauna yetu, kibanda cha kuogea kwa mvuke, iko ufukweni mwa ziwa, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Ina vyumba viwili: cha mvuke, na cha kuvulia nguo. Mdomo wa jiko unafungukia kwenye chumba cha kuvulia nguo, na hapo ndipo kuna hita na soketi. Kijana wangu alikuwa amekwenda kupiga kiberiti ndani ya chumba kilichofungwa saa nne nzima na betri inayochemka.

"Ameondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Dakika kumi. Kuna nini, mbona umekuwa mweupe?"

"Baba, nisikilize. Nenda kwenye ubao wa umeme. Fyuzi ya sauna, zima. Usije sauna kuzima, zima hapa hapa. Umesikia?"

"Ya ngapi?"

"Imeandikwa!"

"Miwani yangu iko..."

"Zima zote!" nilipiga kelele, nikatoka.

Nikakimbia. Sijakimbia tangu nikiwa shuleni. Njia inateremka katikati ya misonobari, na mizizi ilikuwa na barafu. Nilipiga namba ya dharura huku nakimbia, nikaweka simu kwenye sauti kubwa mfukoni. Mwanamke akaitikia kwa upole, akaniuliza nipo wapi. Nikamtajia njia na namba ya nyumba, nikamwambia gesi ya betri, mtoto wangu yuko ndani. Nilisema mtoto. Ana futi sita.

Macho yangu yalikuwa kwenye bomba la moshi la sauna. Kama moshi ungekuwa unatoka, moto ungekuwa umeshawaka na chumba kingekuwa kimenusurika. Hakukuwa na moshi. Nikajiambia: yuko nje, anapasua kuni. Nikasikiliza shoka. Nilichosikia ni redio ya ghalani nyuma yangu, halafu hata hiyo ikanyamaza ghafla. Mzee alikuwa ameanza na fyuzi ya ghala.

"Siyo hiyo!" nilipiga kelele, kana kwamba angenisikia.

"Siyo ipi, mama?" aliuliza yule mwanamke mfukoni mwangu.

Hatua thelathini kabla ya mlango harufu ilinipiga. Yai bovu, zito, la kushika koo. Nilishukuru kuisikia, maana nilipokuwa nimesimama pua yangu bado ilikuwa inafanya kazi.

"Aapo!"

Kimya.

Mlango ulikuwa umefungwa. Bila shaka ulikuwa umefungwa. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu ana miaka mitatu: funga mlango, joto linatoka. Nikatazama dirishani. Kioo kilikuwa na ukungu, lakini niliona taa nyekundu ya ile chaja, na kwenye benchi betri imevimba kama unga uliochacha. Chini, mbele ya mdomo wa jiko, niliona buti. Zilikuwa buti za Aapo, nyayo zimenielekea, hazisogei.

Nataka kueleza nilichoogopa wakati ule, kwa sababu si kimoja. Niliogopa kwamba amekufa. Niliogopa kwamba hajafa na anakufa. Niliogopa ile taa nyekundu, maana soketi ile huwa inapiga cheche na nilikuwa nimemwambia Ilpo airekebishe tangu kiangazi. Niliogopa hita, nayo hujiwasha yenyewe ikipoa. Nikifungua mlango hewa baridi itaingia, na hita itasema haya, nijiwashe. Na niliogopa kuvuta pumzi.

"Mama, usiingie," ilisema simu. "Kikosi cha zima moto kiko njiani. Dakika ishirini na tano."

"Dakika ishirini na tano ni za kuchimba kaburi," nilimwambia.

Nikachukua gogo kwenye lundo la kuni. Gogo, si shoka, chuma kina cheche. Nikavunja dirisha. Ile harufu ikatoka kama pumzi ya mnyama. Nikageuza uso na kuhesabu, huku natazama taa nyekundu kwa pembe ya jicho. Zima, Baba. Zima, Baba. Moja, mbili, tatu. Hita ilikuwa kwenye kona, nyeupe, na kitufe chake kidogo cha kupimia joto ninachokijua kwa mlio wake: tik. Nilikuwa naingojea ile tik kwa mwili wangu mzima.

Nne. Tano. Sita.

Taa nyekundu ikazimika.

Nilivuta pumzi nje, nikaibana, nikafungua mlango na kuingia.

Aapo alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye mkeka. Nikamshika kofia ya koti nikavuta. Ilikatika. Nikamshika kwapani. Nilikuwa nimembeba mtoto huyu miezi tisa, sikuwahi kumwona mzito hivi. Nilimburuta hadi kizingitini, mapafu yakaanza kuniwaka, nikamwacha pale nusu nje nusu ndani, nikatoka mbio hadi ufukweni kuvuta hewa. Macho yalikuwa yanamwaga machozi yenyewe. Nikarudi. Mara ya pili nilimshika mshipi wa suruali, na akatoka.

Nilimvuta mbali hadi kwenye majani yaliyoganda, upande ambao hewa ilikuwa safi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa. Nikaufungua vidole ili nimlaze vizuri, na ndani yake kulikuwa na kiberiti. Kisanduku kilikuwa wazi, na kijiti kimoja kilikuwa kimetoka nusu.

"Anapumua?" iliuliza simu.

"Sijui."

"Weka sikio lako mdomoni kwake. Tazama kifua."

Kifua hakikupanda. Ziwa lilikuwa kimya, mimi nilikuwa kimya, na kifua hakikupanda. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Halafu nikaona kidogo, kama mtu anayesinzia anayeshtuka: kikapanda. Kikasimama. Muda mrefu mno. Kikapanda tena.

"Anapumua vibaya."

"Mlaze ubavu. Zungumza naye. Usiache kuzungumza."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, muulize yeyote kijijini, lakini sikupata hata moja. Nilisema, "Aapo, amka." Nilisema, "Aapo, amka, nakwambia." Sauti ilikuwa ileile ninayomwamshia kwenda shule. Ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo.

Mzee Taisto alifika akisukuma toroli la bustani, blanketi ndani yake, anahema kama farasi mzee.

"Nimezima zote," alisema. "Hata friji. Yu hai?"

"Sijui, Baba. Yu hai. Sijui."

Alipiga magoti, jambo ambalo haliwezi na alilifanya. Alimfunika mjukuu wake, kisha akaitazama sauna, dirisha lililovunjika, mlango wazi. "Nilimwambia ana akili," alisema. "Nilikunywa kahawa yangu na kumwambia ana akili."

"Nyamaza, Baba. Msugue miguu."

Aapo alitapika. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu akitapika. Alitapika, akakohoa, akafungua macho mekundu kama ya samaki aliyekaa sokoni siku nzima, na hakunijua. Alinitazama na hakujua mimi ni nani. Hilo lilinitisha kuliko buti zile dirishani. Lilidumu labda dakika mbili. Kisha akasema, "Mama, kichwa," nikamshika kichwa, na nikashindwa kumwachia hadi watu wa gari la wagonjwa waliponitenganisha naye.

Zima moto waliiacha sauna wazi na kuzungushia utepe. Kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, aliniambia kwamba betri haitaguswa hadi Jumatatu. "Wengi huweka betri sauna," alisema. "Joto, pakavu. Kila mwaka naliona. Ila kwa kawaida chaja ni ile ndogo." Alinitazama. "Na wewe uliingia. Hukupaswa kuingia."

"Najua."

"Ningeingia na mimi," alisema, akaondoka.

Hospitali ya mkoa iko mwendo wa saa moja. Saa kumi na mbili jioni Aapo alikuwa amelala na barakoa ya oksijeni, waya kifuani, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na suruali ya matope. Daktari, kijana mwembamba, alikuwa ameeleza bila kuzunguka, na nilimheshimu kwa hilo. Ubongo unaonekana salama. Mapafu bado. Gesi ile inaweza kuyajaza maji baadaye, hata baada ya siku moja, mbili. Tunangoja.

Aapo alishusha barakoa kidogo. "Gari limeungua?"

"Gari lipo ghalani. Rudisha hiyo usoni."

Akairudisha, akaishusha tena. "Nilisikia harufu mlangoni. Nikaingia, nikafungua jiko, harufu ikaisha. Nikadhani ni bomba la maji machafu."

"Ndivyo inavyofanya."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Chaja ilikuwa ukutani. Kwa nini ulichukua ya trekta?"

Alitazama dari. "Ulisema chaja iko ukutani. Nikaona kitu kidogo kama cha simu. Sikuamini kinaweza kuchaji gari. Nikataka kukuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

Akavuta oksijeni kwanza. Mashine pembeni ilikuwa inapiga mlio wake, nami nikawa naufuata kwa kidole kwenye goti.

"Nilishauliza mara moja, ya mahali," alisema. "Ya pili niliogopa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu matatu, yote ya kweli: kwamba mtu mzima huuliza, kwamba mimi mama yake si askari, kwamba maisha ni bora kuliko kufokewa. Nikayatazama yote matatu na kufunga mdomo.

"Niulize sasa," nilisema. "Chochote. Sitafoka."

Alifikiri. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, nami nikaanza kuogopa tena, kwamba ni mapafu, kwamba yameanza. Lakini alikuwa anaogopa tu, kama mimi.

"Nikilala," aliuliza, "nitaamka?"

Karakanani watu hunijia na swali na mimi hujibu kabla hawajamaliza. Nilimtazama mwanangu, na mstari wa kijani ukipanda na kushuka juu ya kichwa chake.

"Sijui," nilimwambia. "Mashine inakuangalia. Muuguzi anakuangalia. Na mimi nitakuamsha."

"Kila saa?"

"Kila mara nitakapotaka."

Akafumba macho. Nilivumilia dakika kumi, nikamgusa bega. "Aapo." Akaguna, "Mmm." Dakika kumi tena. "Aapo." "Mama, nipo." Mara ya tano muuguzi alikuja, akasimama na mikono kiunoni, akaniambia kwamba mgonjwa anahitaji kulala, na kwamba nikiendelea hivyo atanitoa nje.

"Samahani," nilimwambia. "Naogopa."

Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti kingine, akakaa upande wa pili wa kitanda, na akaanza kuhesabu pumzi za Aapo kwa sauti ya chini, ili nami nizisikie.